Mwanafunzi wa sanaa na somo la biashara: Hesabu ya mzazi wa Ilagala

KATIKA Kata ya Ilagala, wilayani Uvinza, karibu na pale Mto Malagarasi unapomwaga maji yake Ziwa Tanganyika, mzazi anayelima michikichi au kuanika dagaa hukutana na swali moja kila mtoto wake anapofika kidato cha nne. Mtoto anayefanya vizuri Historia, Jiografia na Kiswahili aendelee na nini, ili kesho asirudi nyumbani na cheti kisichomlisha?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa jepesi: asome HKL au HGL, kisha awe mwalimu, mwanasheria au ofisa wa serikali. Lakini nafasi za serikali hazitoshi tena kwa wahitimu wote, na wazazi wengine sasa wanataka watoto waachane kabisa na sanaa, wakimbilie ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu.

Ipo njia ya katikati ambayo haizungumzwi sana: mwanafunzi abaki na masomo anayoyaweza, lakini aongeze moja la upande wa biashara. Mfano wa karibu ni HGE, ambayo huchanganya Historia na Jiografia na Uchumi. Machi 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, na kufanya jumla kuwa 65 katika makundi saba, likiwamo la masomo ya biashara. Kwa hiyo mwanafunzi anayejaza Selform leo ana uwanja mpana kuliko kaka zake.

Mabadiliko makubwa zaidi yako chini. Kwa mtaala mpya, wanafunzi walioanza kidato cha kwanza mwaka 2025 katika mkondo wa elimu ya jumla wanasoma Elimu ya Biashara kama somo la lazima. Kundi hilo litafika kidato cha nne mwaka 2028. Waliotangulia hawakupata bahati hiyo, na ndio wanaohitaji kuchagua kwa makini zaidi.

Je, somo moja lina faida gani kwa familia ya Ilagala? Jibu liko kwenye daftari. Tuchukue mfano wa mkulima aliyeuza madumu 10 ya mawese kwa jumla ya sh 500,000. Bila kumbukumbu, fedha yote huonekana faida. Lakini akiandika ujira wa wakata mikungu, kuni, malipo ya mashine ya kukamulia, madumu na nauli ya kwenda Kigoma mjini, na vyote vikafika sh 380,000, faida yake ni sh 120,000 tu. Mkulima huyo akinunua bati za sh 300,000 siku hiyo, amekula mtaji wa msimu ujao bila kujua.

Kodi nayo inafundisha somo hilo hilo. Kwa viwango vilivyoanza mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya sh milioni 8 kwa mwaka asiye na kumbukumbu alitakiwa kulipa sh 250,000. Mwenzake mwenye mauzo yale yale na kumbukumbu kamili alilipa sh 90,000, pamoja na asilimia tatu ya kiasi kilichozidi milioni 7, yaani sh 120,000 kwa jumla. Tofauti ya sh 130,000 ilitokana na daftari na kalamu.

Kisha kuna ziwa lenyewe. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Kaya inayojua mapato na matumizi yake ya mwezi inaweza kukadiria akiba ya miezi mitatu ya namna hiyo. Isiyojua hukopa, na deni humaliza msimu unaofuata.

Hata hivyo, si haki kuidharau sanaa. Soko la Kigoma linategemea pia Burundi na Kongo, na huko anayejua lugha, desturi za watu na jiografia ya njia ana mtaji ambao mhasibu mtupu hana. Biashara inaongeza nguvu kwenye elimu hiyo. Haiwezi kukaa mahali pake.

Wapo wanaosema biashara hufundishwa na mwalo, si darasa. Wana hoja, kwani wachuuzi wengi wamesomesha watoto bila kujua neno mizania. Lakini hao hao ndio hushindwa kumweleza ofisa wa mkopo mauzo yao ya mwaka. Darasa nalo likibaki kwenye chaki tu, kijana atafaulu mtihani na bado ashindwe kupanga bei ya kisado cha dagaa.

Tahadhari moja inabaki. Somo la biashara halimwondolei mwanafunzi Hisabati. Shahada nyingi za biashara huangalia pia alama ya Hisabati ya kidato cha nne, hivyo anayeitupa mapema anajifungia mlango.

Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka 2022, kwa hiyo uamuzi mkubwa wa mzazi si wa ada, bali ni wa masomo. Kabla ya kujaza fomu, mzazi na amkabidhi mtoto daftari la duka, la shamba au la mtumbwi kwa msimu mmoja. Likirudi limejaa na hesabu zikilingana na fedha iliyopo, wote wawili watajua la kuchagua.