Muuguzi Mpya Aambiwe Mshahara Wake

Kila mwaka vijana wetu wa Unguja na Pemba humaliza masomo ya uuguzi na ukunga, wengi wao katika skuli ya afya ya Mbweni, ambayo hivi sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Hupata vyeti vyao, husajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga, kisha hurudi kwa wazee wao kungojea kazi. Hapo ndipo yanapozuka maswali mawili ambayo aghlabu hayapewi jawabu la wazi: kazi itapatikana lini, na mshahara wake ni kiasi gani?

Wapo wanaodhani kwamba muuguzi anayeulizia mshahara amekosa wito. Hatukubaliani na fikra hiyo. Uuguzi ni kazi ya huruma, lakini mwenye kuifanya hulipa nauli ya daladala, hula, hupanga nyumba, na pengine nyuma yake wapo wazee waliouza karafuu au ng'ombe ili yeye asome. Wahenga wamesema, mkono mtupu haulambwi.

Baadhi ya vijana hawa huingia hospitalini kwa jina la kujitolea. Kwa muda mfupi jambo hilo lina manufaa, maana mikono haisahau kazi na mgeni hupata kuzoea wodi. Lakini miezi ikigeuka miaka, na aliyejitolea akapangiwa zamu za usiku sawasawa na mwajiriwa, akachoma sindano, akazalisha na kutia saini daftari la wodi, basi huyo ni mtumishi asiyelipwa. Hana barua ya ajira, hana likizo, wala hakuna mchango unaowekwa kwa jina lake katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii. Likitokea kosa, huulizwa kama muuguzi. Ukifika mwisho wa mwezi, huonekana kama mpita njia.

Mwaka 2022 Serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kutoka shilingi 300,000 hadi shilingi 347,000 kwa mwezi. Tuliipokea hatua hiyo kwa furaha. Kima hicho kiliwekwa ili pasiwe na mtumishi yeyote anayelipwa chini yake, awe na elimu au asiwe nayo. Je, ni haki mwenye stashahada ya miaka mitatu, anayelinda roho za watu usiku kucha, asifikie hata kiwango hicho kwa sababu tu hajapewa karatasi ya kuajiriwa?

Jambo hili lina uzito zaidi leo. Katika miaka ya karibuni zimejengwa hospitali mpya za wilaya katika visiwa vyetu vyote viwili, nazo ni fahari yetu. Hata hivyo, kitanda kipya hakimgeuzi mgonjwa ubavu, wala jengo halipokei mtoto anapozaliwa. Hayo ni ya muuguzi. Akichoka kungoja, hufunga virago kwenda Bara au Arabuni, na gharama tuliyoitia katika kumsomesha hufaidiwa na wengine.

Kwa hiyo tunawaomba wanaohusika mambo matatu. Kwanza, kila tangazo la nafasi za uuguzi litaje ngazi ya mshahara na posho zake kwa tarakimu, ili mwombaji ajue analoliomba. Pili, kujitolea kuwekewe muda maalumu na kuandikwa, pamoja na nauli na chakula. Muda ukimalizika, ama mtu aajiriwe ama aachiwe huru atafute pengine. Tatu, anayepelekwa Kojani, Tumbatu au Micheweni atayarishiwe makaazi kabla hajawasili, na mshahara wake wa mwanzo usicheleweshwe, maana huko ugenini hana wa kumkopesha.

Na nyinyi wauguzi wapya, tunakuhimizeni msichague vituo vya mjini peke yake. Hakikisheni usajili wenu, someni kila mkataba kabla ya kuutia saini, na msione haya kuuliza mtalipwa nini na lini. Hospitali binafsi nazo zinapaswa kulijibu suala hilo kwa maandishi, kwani Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005 inawahusu wao pia.

Mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane katika kisiwa kidogo hana uwezo wa kungoja mpaka jalada lipite ofisi hadi ofisi. Anamhitaji mkunga aliye macho, aliyeshiba na ambaye moyo wake umetulia kazini. Kumpata mkunga wa namna hiyo kunaanza na barua ya ajira inayotolewa kwa wakati, yenye kutaja mshahara. Tunatumaini wenye mamlaka watalishughulikia jambo hili bila ya kuchelewa.