Njaa Haisafishi Hewa

Tangu mwaka 2020 kuna imani iliyoota mizizi, inayorudiwa redioni, madarasani na kwenye makongamano ya mazingira hadi watu wanaiona kuwa ni kweli isiyohitaji ushahidi: kwamba korona ilipotufungia ndani, dunia ilipumua. Magari yalisimama, viwanda vikazimwa, mbingu zikatakata. Kutoka Nairobi zilisambaa picha za Mlima Kenya umejitokeza nyuma ya maghorofa. Kutoka Punjab, India, watu walionyeshana theluji ya Himalaya. Kisha likafuata somo: uchumi ndio mchafuzi, na anayetaka hewa safi akubali uchumi ulale.

Napinga somo hilo waziwazi. Ni somo la watu walioitazama hewa kutoka juu kwa setilaiti, au kutoka ghorofani kwa kamera. Halikutoka jikoni, wala halikutoka Kanama.

Kanama ni moja ya sekta za wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda, kwenye vilima ambavyo barabara ya Musanze huvipita kabla ya kuteremka Gisenyi na Ziwa Kivu. Mto Sebeya unapita bondeni, na soko lake ni Mahoko, mahali pa viazi, karoti, kabichi na vitunguu. Mteja mkubwa wa mboga hizo yuko ng'ambo ya mpaka, Goma, nchini Kongo.

Rwanda ilitangaza amri ya Guma mu Rugo, yaani “kaa nyumbani”, tarehe 21 Machi 2020, wiki moja tu baada ya mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa. Ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa za Afrika kufunga karibu shughuli zote. Mwanzoni mwa Juni, wilaya nyingine ziliporuhusiwa kusafiri baina ya mikoa na kupanda pikipiki, Rubavu na Rusizi, wilaya mbili zinazopakana na Kongo, tulibakizwa tulipokuwa. Julai 2021 Rubavu ikafungwa tena, pamoja na Kigali na wilaya nyingine saba. Sina ugomvi na amri hizo kama kinga ya ugonjwa. Zilitolewa kuokoa maisha, na huo ni wajibu wa serikali yoyote. Ugomvi wangu ni na wanaozivisha joho la mazingira, wanaotuambia kwamba hata kama tulipoteza riziki, walau tulipumua.

Nani alipumua?

Kipimo kilichoshangiliwa zaidi ni cha nitrojeni dioksaidi, gesi inayotoka hasa kwenye injini na mitambo inayochoma mafuta na makaa ya mawe. Mapema mwaka 2020 setilaiti zilionyesha gesi hiyo ikipungua juu ya miji ya China, baadaye Ulaya. Kipimo hicho ni sahihi, lakini kinahusu hewa ya mahali penye foleni za magari na minara ya viwanda. Mkulima wa Kanama hana gari, na jirani yake hana. Moshi anaouvuta kila siku ya maisha yake unatoka kwenye mafiga matatu yaliyo hatua chache kutoka anapolala.

Ingia kwenye jiko la kawaida la huku mwezi wa Aprili. Ni kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, mlango mmoja, dirisha hakuna. Ni masika, kwa hiyo kuni za mikaratusi ama ni mbichi ama zimenyeshewa, na kuni za namna hiyo haziwaki, zinafuka. Maharagwe makavu huchukua saa mbili, hata tatu, kuiva. Muda wote huo mama anainama na kupuliza, machozi yanamtiririka, mtoto yuko mgongoni na uso wake uko usawa wa moshi. Jioni baridi ya milimani inapoingia, watoto wengine nao husogea kuota moto. Dari imekuwa nyeusi kwa masizi ya miaka, na kilichoshika dari ndicho kilichoingia vifuani.

Sasa weka ndani ya picha hiyo amri ya kutotoka. Shule za Rwanda zilifungwa katikati ya Machi 2020 na hazikuanza kufunguliwa hadi Novemba. Mtoto aliyezoea kushinda darasani alishinda nyumbani, karibu na moto. Kwa mtoto huyo, Guma mu Rugo ilimaanisha saa nyingi zaidi ndani ya moshi. Hakuna setilaiti iliyomwona, kwa sababu setilaiti haioni chini ya bati.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kupikia kuni, makaa, samadi na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Vifo vya korona vilivyoripotiwa duniani mwaka huohuo havikufika milioni 2. Kwa korona nchi zilifunga mipaka, viwanja vya ndege na masoko. Kwa moshi wa jikoni hakukutangazwa hata siku moja ya dharura. Halafu mtu anasimama jukwaani kusema mwaka 2020 ulikuwa mwaka wa hewa safi!

Watetezi wa imani hii watasema hata Rwanda mbingu zilitakata. Huenda zilitakata, lakini watazame kalenda. Amri ya kwanza iliangukia mwishoni mwa Machi na Aprili, katikati ya mvua za masika. Kwenye Mlima Mugogo, kaskazini mwa nchi, kuna kituo cha kupimia hewa, na vipimo vyake vilivyochapishwa mwaka 2019, kabla hata korona haijasikika, vilishaonyesha kwamba masizi ya angani huongezeka majira ya kiangazi, moshi wa mioto ya nyika unapoletwa na upepo kutoka nje ya mipaka yetu, na hupungua mvua zinaponyesha. Mvua huosha hewa ya Rwanda kila Aprili, watu wakiwa kazini au wakiwa kifungoni. Anayeipa karantini sifa yote anainyang'anya mvua haki yake.

Tuje kwenye uchumi, maana hapo ndipo imani hii inapofanya madhara makubwa zaidi.

Kabla ya janga, watu wapatao 50,000 walivuka kwa siku kwenye kizuizi cha Petite Barrière kati ya Gisenyi na Goma, wengi wao kwa miguu, na sehemu kubwa ya wachuuzi wakiwa wanawake. Mwanamke anapakia karoti alfajiri, anavuka, anauza, anarudi na hela ya siku. Mpaka ulipofungwa, malori ya mizigo yaliendelea kupita, lakini mwenye kapu kichwani hakuwa na njia. Baadhi ya wachuuzi walilazimika kuunganisha mizigo kwenye lori moja, wakagawana gharama za usafiri na kumwachia mtu mwingine kuonana na mteja. Wengine mtaji uliliwa ndani ya nyumba, ukaisha. Kitaifa, uchumi wa Rwanda uliokua kwa asilimia 9.5 mwaka 2019 ulishuka kwa asilimia 3.4 mwaka 2020. Kwenye robo ya pili ya mwaka huo pekee, robo ya Guma mu Rugo, ulianguka kwa asilimia 12.4. Ukosefu wa kazi ulipanda kutoka asilimia 13.1 mwezi Februari hadi 22.1 mwezi Mei.

Je, maskini huyo aliyepungukiwa alichafua hewa kidogo zaidi? Ushahidi uliopo Afrika Mashariki unasema kinyume. Mwaka 2020 watafiti walizihoji kaya za Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, kuhusu maisha yao wakati wa vizuizi. Karibu zote zilikuwa zimepungukiwa na kipato, na nyingi zilikosa chakula cha kutosha. Kati ya waliokuwa wakipikia gesi, zaidi ya robo walirudi kwenye mafuta ya taa au kuni. Hawakusahau ubora wa gesi. Mtungi unadai fedha za mkupuo, wakati mafuta ya taa hununuliwa kwa kipimo kidogo na kuni huokotwa. Kipato kiliposhuka, moshi ulipanda, ndani ya nyumba zilezile na ndani ya miezi ileile ambayo Nairobi ilikuwa ikisifiwa kwa kuuona Mlima Kenya.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Kwa watu wetu, hewa safi hununuliwa. Inanunuliwa kwa mtungi wa gesi, kwa jiko bora, kwa umeme, kwa bomba la kutolea moshi, kwa kuni zilizopata muda wa kukauka. Anayesimamisha kipato cha kaya maskini anairudisha kaya hiyo kwenye mafiga.

Gisenyi yenyewe ina kisa chake. Kampuni ya Inyenyeri, iliyoanzishwa mwaka 2010, iliwapa wateja majiko yenye feni ndogo na kuwauzia chembe za mbao zilizosagwa na kushindiliwa, zinazowaka kwa moshi mdogo mno ukilinganisha na kuni. Maelfu ya kaya yalijiunga. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilifunga. Sidai kwamba karantini ndiyo iliyoiua, maana kupata mtaji kulikuwa kumeisumbua kitambo. Lakini biashara ya namna hiyo inaishi kwa mteja mwenye fedha mfukoni kila wiki. Bila mteja huyo, hata uvumbuzi bora wa kuondoa moshi unabaki ghalani.

Wanaodhani ufukara ni rafiki wa mazingira wapande pia hadi Gishwati, juu ya Kanama. Msitu ule ulikuwa na hekta zipatazo 28,000 miaka ya 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki kama 600. Sehemu ililiwa na miradi ya mifugo, sehemu ikakatwa na watu waliorudi kutoka ukimbizini baada ya 1994 bila ardhi, bila kuni, bila njia nyingine. Vilima vilivyovuliwa miti havishiki maji. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, Sebeya ilipofurika na milima kuporomoka, zaidi ya watu 130 walikufa magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia vibaya. Ufukara ulichangia kuumaliza msitu huo, na ufukara ndio unaoendelea kutia shoka kwenye miti iliyobaki.

Nakiri kwamba moshi wa magari ni sumu, na Kigali inafanya jambo jema kufunga baadhi ya barabara siku za Jumapili isiyo na magari, utaratibu ulioanza mwaka 2016. Lakini siku hiyo imepangwa, ni ya saa chache, na hakuna anayekosa chakula kwa sababu yake. Gari bovu linaweza kuondolewa barabarani bila kumwondoa mchuuzi sokoni. Watu waliochanganya mambo haya mawili wakayaita somo moja ndio wanaotupotosha.

Hata kwa mizani yao wenyewe, faida haikudumu. Kaboni dioksaidi inayotolewa duniani ilipungua kwa takriban asilimia 5 mwaka 2020, na mwaka uliofuata ikarudi karibu ilipokuwa. Upande wa pili, Benki ya Dunia inakadiria kuwa watu wapatao milioni 70 walisukumwa kwenye ufukara wa kupindukia mwaka huo mmoja. Tulilipa gharama kubwa mno kwa anga iliyotakata kwa muda mfupi.

Wapo watakaonijibu kwamba uchumi ukikua, magari na viwanda vitaongezeka, na tutakufa kwa moshi mwingine. Hatari hiyo ipo, na dawa yake ni sheria, ukaguzi wa magari na umeme safi. Dawa yake haiwezi kuwa kumwacha mama wa Kanama kwenye moshi aliomo tayari, ili asije akaingia kwenye moshi ambao hajaufikia.

Rwanda iliweka lengo kwamba kaya zinazopikia kuni zishuke hadi asilimia 42 ifikapo 2024. Sensa ya 2022 ilikuta takriban robo tatu ya kaya bado ziko kwenye kuni, na nyingi ya zilizobaki ziko kwenye makaa. Pengo hilo ndilo linalostahili makongamano na hotuba. Vipimo vya hewa viingie majikoni, visiishie kando ya barabara za Kigali. Shule, ambazo tangu chakula cha mchana kilipopanuliwa kufikia madarasa yote zinachoma kuni kwa marundo, ziwe za kwanza kupata majiko yasiyo na moshi, kwa kuwa mpishi wa shule anavuta moshi wa watoto mamia. Gesi iuzwe kwa malipo madogo madogo, kama watu wanavyonunua salio la simu. Na ikitokea dharura nyingine ya kufungia watu ndani, misaada isiishie kwenye unga, mchele na maharagwe. Maharagwe bila nishati ya kuyapikia ni saa tatu za moshi zilizofungashwa ndani ya msaada.

Kwa hiyo atakayetuambia tena kwamba hewa ilipona tulipokaa bila kazi, alete kipimo kilichochukuliwa ndani ya jiko la mkulima, pamoja na hesabu ya kipato chake cha mwezi huo. Hadi atakapoleta vyote viwili, aache kuwafundisha watoto wetu kwamba njaa ya wazazi wao ilikuwa sera ya mazingira.