Picha tano ukutani zapunguza kelele za asubuhi

Pita vichochoro vya Mji wa Kale wa Lamu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kabla hujapishana na punda wa kwanza, utasikia: "Amka! Oga! Viatu viko wapi? Utachelewa!" Anayepiga kelele si mama peke yake. Mara nyingi ni sisi, dada na kaka wakubwa, tulioachiwa kazi ya kuwatayarisha wadogo zetu.

Mtoto wa miaka minne akiamriwa mambo matano kwa mpigo, hushika moja au mawili. Mengine yakimpotea, twamwita mkaidi. Kwa mtoto mwenye usonji mambo ni magumu zaidi, kwani wengi wao huelewa upesi wanachokiona kuliko wanachoambiwa. Ndiyo maana mpango wa TEACCH, ulioanzishwa mwaka wa 1972 katika jimbo la North Carolina, Marekani, huwatumia watoto hao ratiba za picha.

Ratiba yenyewe haina gharama. Kata boksi kuukuu, uchore mswaki, ndoo ya kuogea, sare, chai na mahamri, kisha mkoba. Zibandike kutoka juu hadi chini, usawa wa macho ya mtoto. Akimaliza jambo, aigeuze picha mwenyewe. Hujui kuchora? Mpigie picha mswaki wake kwa simu, uchapishe. Jioni ongeza kofia au mtandio wa kwendea chuoni.

Weka pia picha moja ya kumwambia kwamba leo mambo yamebadilika. Lamu twaijua: boti ya kwenda Pate hungoja maji yajae, na Ramadhani hugeuza saa za kula na kulala. Mtoto aliyeonyeshwa mapema hashtuki sana.

Hatusemi picha zinatibu. Mtoto aliyechelewa kuzungumza bado afaa kuonwa na wataalamu. Tunachopinga ni kofi la asubuhi, na tabia ya kumfungia mtoto ndani eti "hasikii". Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtoto dhidi ya ukatili na kupuuzwa, na ulinzi huo waanzia nyumbani.

Kwa hivyo, kijana mwenzetu, usiku wa leo weka simu kando nusu saa, uchore. Kesho ukimwona ameshika mswaki bila kuitwa, usimharakishe. Mwache afikie picha ya pili.