Fungeni Chumba, Msiifunge Ruta

Fundi wa mitandao akiacha kazi bila kukabidhi nywila, ofisi huhaha. Zipo zinazokimbilia kuagiza ruta mpya, ilhali ile iliyopo ni nzima kabisa. Ikiwa ni ya Cisco, kwa kawaida ndani yake mna programu ndogo iitwayo ROMMON, inayoamka kabla ya mfumo endeshi na ndiyo inayouita mfumo huo kazini. Anayeijua hahitaji nywila ya mtu.

Kazi yenyewe haina uchawi. Kwenye ruta nyingi za kampuni hiyo, fundi anaunganisha kompyuta na ruta kwa kebo ya konsoli, anaweka kasi ya 9600, kisha anazima ruta na kuiwasha tena. Ndani ya sekunde 60 za kwanza anabonyeza Break. Maandishi yanayoteremka kwenye skrini yanakatika, na unabaki mstari mmoja mfupi: rommon 1 >. Hapo anaandika confreg 0x2142, halafu reset. Namba hiyo inaiamuru ruta iwake bila kusoma mipangilio iliyohifadhiwa, na nywila imo humohumo. Hakuna kinachofutwa. Fundi akishaingia anaipakia mipangilio ileile, anabadilisha nywila, anahifadhi na kurudisha namba ya kawaida, 0x2102. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Umeme ukikatika baadaye, ruta inaamka kana kwamba haijawahi kupangwa, na lawama zote anatupiwa mtu wa umeme.

Basi mtu yeyote mwenye kebo anaweza kuiteka? Ndiyo, akiifikia.

Hofu hiyo ndiyo inayowafanya baadhi ya wasimamizi watumie amri ya no service password-recovery, inayoziba njia ya kuingia ROMMON. Ni dawa kali mno. Nywila ikipotea, kinachobaki ni kuirudisha ruta katika hali ya kiwandani, na mipangilio yote inakwenda na maji. Faili la mfumo endeshi likiharibika ndiyo balaa zaidi, kwa kuwa ROMMON ndiyo ambayo ingetumika kupakia jingine kupitia mtandao au kebo ileile. Mwizi amezuiwa, na mwenye mali pia.

Tena amri hiyo haimgusi mshambuliaji mwenye nywila halali. Agosti 2015 Cisco yenyewe ilitoa onyo kwamba kuna watu waliotumia nywila halali za wasimamizi kubadilisha ROMMON na kuweka yao yenye hila. Mwezi uliofuata, kampuni ya usalama ya Mandiant ilitangaza kugundua ruta 14 zenye mfumo endeshi uliochezewa, katika Ukraine, Ufilipino, Meksiko na India. Huko inaaminika tatizo lilikuwa nywila zilizovuja au zilizoachwa zilivyotoka kiwandani.

Kwa ofisi ya kawaida, kufuli la chumba cha mitambo lina faida kuliko amri hiyo. Zipo taasisi zinazoweka rejista ya wageni getini huku ruta ikikaa juu ya kabati la korido, kebo zikining'inia. Ihamishwe, ufunguo ukae kwa watu wawili wanaojulikana, na nywila iandikwe kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu ya mhasibu. Kisha fundi aandike show version na kusoma mstari wa mwisho: kama bado ni 0x2142, airekebishe leo kabla umeme haujakatika.