Waya za meno: Kinywa cha mwanao si cha fundi baiskeli

Leo katika safu yetu ya afya na usafi tunazungumzia waya za kunyoosha meno. Zamani huku kwetu Nachingwea na Ruangwa mambo haya tuliyaona ni ya watu wa mjini. Siku hizi, likizo ikifika, wanarudi vijana kutoka Dar es Salaam wakicheka na vyuma vinang'aa kinywani. Wengine wana vifuniko vya plastiki angavu ambavyo bila kuangalia kwa makini huwezi kuviona.

Likizo moja kijana wa jamaa zetu alikuja Nachingwea, akatafuna muwa. Kifungo kimoja, yaani kile kipande kidogo kinachogandishwa kwenye jino ili kushika waya, kikabanduka. Ncha ya waya ikaanza kumchoma shavuni na usiku kucha hakulala. Asubuhi mjomba wake, kwa nia njema kabisa, akamchukua kwa fundi baiskeli. Fundi akatoa praizi ile ile ya kukazia spoku, akavuta. Waya ulitoka, lakini ulitoka pamoja na kifungo cha pili na kipande cha jino. Jambo la kumalizwa na nta kidogo likawa safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 500, na jino la kuzibwa.

Ndugu zangu, mjomba yule simlaumu peke yake. Lawama ni yetu sote. Tunalipia matibabu ya mwaka mmoja na nusu, miwili au zaidi kana kwamba tunanunua jozi ya viatu. Waya ukishafungwa tunaona kazi imekwisha, ilhali ndiyo kwanza inaanza. Mgonjwa wa waya huhitaji kuonwa na daktari kila baada ya wiki nne hadi nane hivi, na kati ya siku hizo mwangalizi wake ni nyumba yake. Nyumba isiyojua la kufanya itakwenda kwa fundi baiskeli.

Wapo wanaouliza kama kunyoosha meno kunafaa kisheria. Wanavyuoni wengi wameruhusu pale ambapo kuna kasoro au madhara, kama vile meno yaliyobanana yasiyosafishika au taya zisizokutana wakati wa kutafuna. Kilichokemewa ni kubadili umbile kwa urembo tu, na huku Kusini tunalijua hilo vizuri, kwani wapo wazee wetu, wakiwemo Wamakonde, waliochonga meno kwa ajili ya pambo. Mwenye shaka juu ya hali yake amuulize sheikh wake pamoja na daktari wake.

Ya kumaliza nyumbani

Waya unaochoma: osha mikono, chukua kijiti chenye pamba au upande wa kifutio wa penseli iliyo safi, usukume taratibu mpaka ulale kwenye jino. Ukikataa, kausha sehemu hiyo kwa kitambaa safi, kisha funika ncha kwa nta maalumu ya meno. Nta hii hutolewa na daktari au huuzwa madukani mjini. Kama huna, pamba safi yenye unyevu itasaidia kwa saa chache.

Kukata waya nyumbani ni jambo la mwisho kabisa, pale daktari yuko mbali na amekuelekeza kwa simu. Tumia kikata kucha kilichooshwa na kufutwa kwa spiriti, na uweke pamba nyuma ya ncha ili kipande kitakachokatika kisimezwe.

Kifungo kilichobanduka lakini bado kinaning'inia kwenye waya kiache hapo hapo, kifunike kwa nta, upige simu. Kikitoka kabisa, kitie kwenye kichupa safi, uende nacho kwa daktari. Usikigandishe kwa supagluu. Gundi ile si ya kinywani, inaunguza ufizi na kuharibu jino.

Maumivu baada ya waya kukazwa ni ya kawaida kwa siku mbili hadi nne. Mpe uji, mtori au wali laini, na parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Vidonda vya shavuni vinatulizwa kwa kusukutua maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja.

Ya kupiga simu siku hiyo hiyo

Hapa wanahusika zaidi watumiaji wa vifuniko vya plastiki. Hivi huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku na huvuliwa wakati wa kula. Kikipasuka au kikipotea, usikae wiki mbili ukisubiri nauli, kwani meno hurudi yalikotoka upesi. Vaa kile cha kabla yake, ndiyo maana usikitupe, kisha mpigie daktari akuelekeze. Usikioshe kwa maji ya moto na usinywe chai nacho, kwani joto hukipinda na rangi ya chai hubakia.

Aliyemaliza matibabu na kupewa kishikilio cha usiku naye asidharau. Wengi wanaolalamika kwamba meno yamerudi kupinda walikiacha kabatini.

Piga simu pia ikiwa pete ya chuma ya gego imelegea, au ikiwa maumivu yanazidi baada ya siku nne badala ya kupungua.

Ya kukimbilia hospitali

Haya hayangoji simu ya Dar es Salaam. Nenda hospitali ya wilaya au kituo chochote kilicho karibu.

La kwanza ni kipande cha waya au kifungo kuingia kooni. Akikohoa mfululizo, akikoroma au kushindwa kupumua, ni dharura ya dakika hiyo hiyo. Akikimeza bila dalili yoyote, mara nyingi hutoka chenyewe kwa haja kubwa, lakini daktari ajulishwe.

La pili ni uso kuvimba pamoja na homa, au kushindwa kumeza au kufungua kinywa. Huo ni usaha unaosambaa, na ukiachwa unaweza kuua.

La tatu ni damu isiyokoma baada ya kubana kwa kitambaa safi kwa dakika 15.

La nne ni pigo: kuanguka kutoka kwenye mkorosho, bodaboda, au mpira wa miguu. Jino la ukubwani likitoka lote, lishike upande wa kutafunia, usishike mzizi. Lisuuze kwa maji safi kwa sekunde chache bila kusugua, lirudishe kwenye tundu lake na mtoto aume kitambaa. Ikishindikana, litie kwenye maziwa. Nafasi nzuri ya kuliokoa ni ndani ya nusu saa hadi saa moja. Jino la utoto lisirudishwe kamwe.

Usafi na chakula

Chakula hunasa kwenye vyuma, na mara nyingi waya zikitolewa huonekana madoa meupe ya jino lililoanza kuoza. Kusukutua katika udhu kunasaidia kutoa mabaki, lakini hakutoshi. Piga mswaki wa nyuzi laini wenye dawa ya floraidi baada ya kula, juu na chini ya kila kifungo. Mwenye kutumia mti wa mswaki asiache Sunna hiyo. Autafune mpaka ulainike na asugue polepole, kwani mti mgumu hunasa na kung'oa vifungo.

Mwezi wa Ramadhani mtumiaji wa vifuniko anarahisishiwa, kwani mchana hali. Lakini akila tende na chai ya sukari wakati wa daku kisha akavaa bila kupiga mswaki, sukari ile hufungiwa kwenye meno mchana kutwa, na mate nayo hupungua kwa mfungaji.

Mwenye vyuma aepuke muwa, mahindi ya kuchoma, kashata za ufuta na korosho kavu za kukaanga. Najua kumwambia mtu wa Ruangwa aache korosho msimu wa korosho ni mtihani. Basi zisagwe, zitiwe kwenye uji au mboga. Ming'oko na mihogo iliyochemshwa ikaiva vizuri haina tatizo, ikatwe vipande vidogo.

Kabla hujalipa

Mzazi, kabla mwanao hajafungwa waya, muulize daktari maswali matatu. Nikiwa Nachingwea usiku na waya unachoma, nampigia nani? Ni daktari gani wa huku Kusini anayeweza kukata waya au kuondoa kifungo kwa maelekezo yako? Na nikishindwa kufika kwa miezi miwili, nini kitatokea? Asiyekuwa na majibu usimpe kinywa cha mwanao. Mpe mtoto kikasha chenye nta, pamba, kioo kidogo na namba ya simu. Kama yuko bweni, matroni au patroni naye awe na namba hiyo.

Msidhani nazidisha. Mwezi Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam, na wasafiri wakakwama. Mwenye waya uliomtoboa shavu siku zile alikuwa na alichonacho nyumbani, basi.

Nanyi madaktari, mnapomfunga waya mgonjwa anayetoka mbali, mwandikieni barua aende nayo kwa daktari wa meno wa wilayani kwake. Mafunzo ya udaktari wa meno nchini yalianza Muhimbili mwaka 1979, na waliohitimu wamesambaa mikoani. Kazi ya kukata ncha ya waya haihitaji bingwa. Inahitaji barua na simu moja.

Mwili ni amana, na meno ni sehemu ya amana hiyo. Anayeweza kulipia waya anaweza pia kununua nta. Praizi tumwachie mwenye baiskeli.

Wabillahi Tawfiq.