Kagueni Kitu Kabla ya Kumlaumu Mtu

Nimechoka kusikia wakubwa wakisema wananchi wa Butembo na Beni, huku kwetu mashariki mwa Kongo, ni wakaidi. Wanasema hivyo mgonjwa akikosea kumeza dawa, mama akikosea kujaza fomu ya komini, mtaa ukikataa mradi uliofika ukiwa umekwisha kupangwa mbali. Kila mara anayeshtakiwa ni mtu. Kitu alichopewa hakiulizwi swali hata moja.

Mwaka 1988 Mmarekani Donald Norman alitoa kitabu kuhusu ubunifu wa vitu vya kila siku, milango na majiko na simu, akasimamia hoja moja: watu wengi wakikosea palepale, mwenye kosa ni aliyekibuni kitu. Naye Mjerumani Dieter Rams, mbunifu wa redio za Braun, aliweka kanuni kumi za ubunifu bora. Miongoni mwake: kitu kifae, kieleweke, kidumu, kiseme kweli. Sisi wa huku tulizipima kanuni hizo kwa jambo la kufa na kupona.

Ebola ilitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu 2,287. Siku za mwanzo watu wa Riposte, yaani timu za kupambana na Ebola, waliovaa suti za kufunika mwili mzima walimchukua mgonjwa wako, wakampitisha nyuma ya uzio, na akifariki ulionyeshwa mfuko uliofungwa. Watu wakanong'ona kwamba ndani mna mawe, kwamba viungo vimeibwa. Kabla hayo hayajapoa, Desemba 2018 uchaguzi wa rais ukaahirishwa Beni na Butembo kwa kisingizio cha Ebola na usalama, huku masoko na makanisa yakiwa wazi. Baada ya hapo, nani angeamini kwa kuambiwa tu?

Sitetei damu. Vituo vya matibabu ya Ebola vya Katwa na Butembo vilivyoshambuliwa Februari 2019, na daktari Richard Mouzoko aliyeuawa Butembo Aprili mwaka uleule, ni uovu, na waliofanya wataubeba. Ninayemtetea ni mama aliyeogopa kumpeleka mtoto wake kituoni. Hofu yake ilikuwa na sababu, na sababu hiyo ilisimamishwa na Riposte yenyewe kwa uzio na maturubai.

Tazameni kilicholeta mabadiliko. Shirika la matibabu la ALIMA lilileta Beni chumba kinachoitwa CUBE. Kuta zake ni plastiki inayoonyesha, na ukutani kumeunganishwa mikono yenye glavu. Muuguzi anasimama nje, anaingiza mikono, anampima mgonjwa, anamwekea dripu, bila ile suti inayomchemsha jasho mpaka atoke mbio. Upande wa pili mtoto anaketi, anamwona mama yake, wanaongea. Timu za mazishi nazo zikaleta mifuko inayoonyesha, familia ikauona uso wa marehemu kabla ya udongo. Ukuta ule ulisema kweli ambayo hotuba za maredioni zilishindwa kuisema.

Kwa nini basi somo hilo tulizike pamoja na Ebola? Ingieni duka la dawa: maelezo ni Kifaransa, herufi kama punje za ulezi, na anayekabidhiwa ni bibi anayeongea Kinande na Kiswahili. Ingieni biro ya serikali: karatasi moja, mihuri mitatu, milango mitatu, wala hakuna mlango uliobandikwa bei. Bei haikusahauliwa. Imefichwa, kwa sababu kuna mtu anakula katika giza hilo. Pampu ya msaada ikikatika kipuri kisichopatikana sokoni kwetu, tunaambiwa hatujui kutunza vitu!

Lakini mtazameni fundi wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo. Anachonga mti, gurudumu analivika mpira wa tairi kuukuu, na likivunjika linatengenezwa palepale kando ya barabara. Fundi huyo anaujua mlima, anaujua mzigo wa viazi, anamjua atakayeusukuma. Maarifa hayo matatu ndiyo yanayokosekana katika ofisi nyingi zenye kompyuta na jenereta.

Na majumbani mwetu kanuni ni zilezile. Mweka hazina wa likelemba, chama cha kuchangiana fedha kwa zamu, mwenye daftari analolielewa peke yake, huyo ni uzio. Mwalimu anayetoa zoezi lisiloeleweka kisha akachapa darasa zima, huyo ni uzio. Kama watoto thelathini wamekosea jibu moja, swali ndilo lisahihishwe.

Kwa hiyo tudai, bila kuomba radhi. Bei ibandikwe mlangoni. Muuza dawa aeleze kwa lugha ya mgonjwa, na mgonjwa arudie alichosikia kabla ya kuondoka. Daftari la likelemba lisomwe mbele ya wanachama wote. Anayeleta mradi akae kwanza na watakaoutumia, na atuonyeshe fundi wa hapahapa atakayeutengeneza ukiharibika. Asiyeweza hayo arudi nao alikotoka, na asithubutu tena kutuita wakaidi.