Nyumba ile ile, utepe mpya: tuache kudanganya kwa tarehe

Nimenyamaza wiki kadhaa kwa sababu niko nyumbani Buna, Wajir Kaskazini, na huku mtandao ukiupata leo, kesho haupo. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu niketi na mjomba wangu juzi tukinywa chai, na nimeona niliandike kabla sijarudi Nairobi. Linahusu neno moja dogo kwenye tovuti za kuuza nyumba: MPYA.

Nianze kwa kuungama. Nilipomaliza shahada yangu ya sayansi ya kompyuta niliajiriwa na tovuti moja ya matangazo ya nyumba. Jina lake nalihifadhi, halina faida hapa. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ukurasa wa matokeo ya utafutaji. Nikaandika kanuni rahisi: tangazo lenye umri wa chini ya siku 7 lipewe utepe wa kijani wenye neno MPYA, lipande juu ya orodha, na watu waliojiandikisha wapelekewe ujumbe mfupi. Umri huo nilikuwa nausoma kwenye safu moja tu ya hifadhidata, yaani tarehe tangazo lilipoundwa. Mistari kama kumi hivi ya msimbo. Nikajipongeza, nikaenda kula.

Haukupita mwezi mawakala wakagundua mchezo. Ukifuta tangazo lako na kuliandika upya, hifadhidata inaona kitu ambacho haijawahi kukiona: nambari mpya, tarehe mpya, utepe mpya. Nyumba ni ile ile, picha ni zile zile, hata paka aliyelala barazani kwenye picha ya pili ni yule yule. Ijumaa jioni wanafuta, Jumamosi asubuhi wanaweka, kwa sababu wikendi ndipo watu hutafuta nyumba.

Niliuona mchezo huo kwenye kumbukumbu za seva. Nikacheka. Nilidhani ni ujanja mdogo wa biashara usiomuumiza mtu.

Sasa mjomba wangu. Kwa wasiojua, sisi mjomba na mpwa huitana jina moja: mimi namwita abti, naye ananiita abti. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na kila familia huku ilizika mifugo. Mjomba aliuza wanyama aliobaki nao na akaamua kununua nyumba ndogo Kitengela, ili watoto wasome na yeye awe na kitu kisichokufa kwa kiu. Akajiandikisha kwenye tovuti yetu. Kwa nini yetu? Kwa sababu mpwa wake alikuwa anafanya kazi hapo.

Siku moja akanipigia simu akiwa na furaha. "Abti, nyumba imetoka leo leo! Milioni sita na nusu, vyumba vitatu. Wakala anasema watu watatu wanakuja kesho." Nilikuwa kazini, nikamjibu haraka kwamba nitaiangalia jioni. Jioni hiyo alikuwa tayari ametuma shilingi 200,000 za kushikilia nyumba.

Wiki mbili baadaye mlinzi wa jirani akamwambia ukweli ambao tovuti nzima haikumwambia: nyumba ile ilikuwa sokoni zaidi ya mwaka, na wanunuzi wawili walishajitoa kwa sababu njia ya kuingilia ina ugomvi na mwenye kiwanja cha mbele. Nikafungua hifadhidata. Matangazo 9 katika miezi 14, wakala mmoja. Bei ilianza milioni 7.2, ikashuka hadi 5.8, kisha tangazo likafutwa na kurudi "jipya" kwa 6.5. Mjomba aliharakishwa kulipa laki saba zaidi ya bei ambayo nyumba ile ile ilikuwa imeshindwa kuuzika. Kilichomharakisha ni utepe wa kijani nilioupaka mimi.

Pesa zake zilirudi laki moja na nusu, baada ya miezi minne ya simu. Hajanilaumu hata siku moja. Ndiyo maana naandika.

Sokoni kwetu mambo haya hayawezekani

Anayeijua mifugo anajua kwamba soko letu lina siri zake. Dalali na mnunuzi hushikana mikono chini ya kitambaa, wanapatana bei kwa vidole, na wewe uliyesimama kando huoni kitu. Bei inafichwa. Lakini mnyama hafichwi! Amesimama hapo juani, ana alama yake ya moto ubavuni, na kila mtu anakumbuka kwamba wiki iliyopita aliletwa akarudishwa nyumbani. Ukimleta mara ya tatu, watu watakuuliza ana nini. Huwezi kumtoa nje ya ua, ukamzungusha, ukamrudisha ukisema amezaliwa leo.

Tovuti imegeuza mpango huo. Bei iko wazi kwa kila mtu, ila mnyama hana alama na soko halina kumbukumbu. Kosa hilo si la wakala peke yake, ni letu sisi tulioandika programu, kwa sababu tulitunza kumbukumbu za tangazo tukasahau kutunza kumbukumbu za nyumba.

Na Kiswahili chenyewe kilikuwa kinatuonya. Nyumba ni mpya, tangazo ni jipya. Utepe wangu uliandikwa MPYA, kwa hiyo ulikuwa unaisemea nyumba, wakati msimbo wangu ulikuwa unapima tangazo. Kama ningekuwa mkweli ningeandika JIPYA, na msomaji angejua kuwa kilicho kipya ni maandishi tu.

Dawa yake kwenye hifadhidata

(Wasio watu wa kompyuta wavumilie aya hii.) Badala ya jedwali moja la matangazo, weka majedwali mawili: la nyumba na la matangazo. Tangazo huzaliwa na kufa, nyumba hubaki. Kila tangazo linafungwa kwenye nyumba yake, na umri unasomwa kutoka kwa nyumba.

Utajuaje kwamba ni nyumba ile ile? Hapa Kenya hatuna hifadhidata moja ya pamoja ya mawakala kama zile za Marekani, na nyumba moja inaweza kutangazwa na madalali watano kwa wakati mmoja. Lakini kiwanja kina nambari ya hati, na tangu Aprili 2021 kuna Ardhisasa, iliyoanzia Nairobi. Ghorofa nazo zinaweza kuwa na hati ya kila kitengo chini ya Sheria ya 2020 ya umiliki wa vitengo. Mwombe wakala nambari hiyo, uihifadhi kwa siri bila kuionyesha hadharani. Asipoitoa, tangazo liingie, lakini bila utepe wowote. Kisha ongeza dalili nyingine: mahali kwenye ramani, ukubwa, simu ya wakala, na ulinganishaji wa picha. Programu inaweza kuipunguza picha iwe ndogo sana na kuitolea alama kama ya kidole, hivyo hata wakala akiikata kidogo pembeni au kuiongezea mwanga, mara nyingi bado itatambulika.

Tahadhari: picha peke yake hazitoshi. Mjenzi mwenye ghorofa lenye vitengo 40 vinavyofanana hutumia picha za kitengo kimoja kwa vyote, na hajadanganya mtu.

Kanuni ninazopendekeza

1. Tarehe ni ya nyumba. Siku ilipotangazwa mara ya kwanza haifutiki, na mnunuzi anaiona.

2. Kufuta si kusahau. Tangazo likifutwa linaondoka machoni, halitoki kwenye kumbukumbu. Nyumba ikikaa nje ya soko siku 90 kamili, hesabu ya siku inaanza upya, lakini historia ya bei inabaki.

3. Kubadilisha wakala, picha, maelezo au bei hakuifanyi nyumba kuwa mpya. Bei ikishuka, iwe na utepe wake: BEI IMESHUKA, na bei ya zamani iandikwe pembeni.

4. Nyumba inakuwa mpya sokoni ikiwa imeuzwa kweli na mwenye mpya anaiuza, au imejengwa upya kwa kiasi kinachoonekana. Mauzo yakivunjika njiani, hesabu inaendelea pale ilipoishia, ila siku ilizokuwa imeshikiliwa na mnunuzi zisihesabiwe.

5. Nyumba ya kupanga ni habari nyingine. Mpangaji akihama, kitengo kimerudi sokoni kwa haki, na kiitwe kipya bila ugomvi.

6. Uza nafasi, usiuze tarehe. Wakala akitaka kupanda juu alipie, na tangazo liandikwe LIMELIPIWA.

7. Mashine hukosea. Mwenye nyumba awe na mahali pa kukata rufaa, na ajibiwe na mtu.

Kanuni ya 6 ndiyo ngumu kuliko zote, maana ndiyo inayogusa mfuko. Nilipoipeleka kwa bosi wangu aliniuliza swali moja: "Ni nani anayetulipa, mnunuzi au wakala?" Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo. Wakala anatulipa kwa sababu mnunuzi yupo. Mnunuzi akishadanganywa mara mbili anarudi kuuliza binamu na mlinzi wa jengo, na wakala anabaki akilipia utepe ambao hakuna anayeuamini.

Lakini siku nyingi si zitamwonea muuzaji?

Hii ndiyo hoja nzito ya upande wa pili, na siidharau. Nyumba inaweza kukaa sokoni bila kosa lolote: kesi ya mirathi, hati iliyochelewa, mwenye nyumba aliye ng'ambo, uchaguzi uliofanya watu washike pesa zao. Mnunuzi akiona siku 300 atadhani kuna ufa ukutani.

Marekani wamebishana juu ya jambo hili kwa miaka. Kule hifadhidata za mawakala huhesabu siku za nyumba kuwa sokoni, na nyingi zina kanuni ya muda ambao nyumba lazima ikae nje kabla hesabu haijaanza upya. Muda wenyewe hutofautiana eneo kwa eneo. Zillow huonyesha historia ya bei. Kampuni ya mawakala ya Compass imelalamika hadharani kwamba kuonyesha siku na punguzo la bei kunamwumiza muuzaji. Uingereza nako kufuta na kurudisha tangazo ili nyumba ionekane mpya kulipigiwa kelele sana, na tangu 2008 kulikuwa na kanuni dhidi ya biashara ya kupotosha watumiaji, ambazo Aprili 2025 zilirithiwa na sheria mpya.

Jibu langu ni hili: mpe muuzaji nafasi ya kueleza, usimpe nafasi ya kuficha. Weka kisanduku kando ya hesabu ya siku: "Kwa nini imekaa?" Aandike kuwa hati ilichelewa na sasa imetoka. Mchungaji akirudi na ngamia wake mara ya pili husema, wiki ile bei ilikuwa mbaya nikakataa. Watu humsikiliza, na mara nyingine humheshimu zaidi.

Sheria yetu nayo si bubu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata taarifa anazohitaji, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi kwa maelezo ya uongo, na mawakala wana bodi yao ya usajili chini ya Sura ya 533. Lakini hakuna afisa atakayekaa usiku kusoma safu ya tarehe kwenye hifadhidata yako. Hapo uko wewe na kibodi yako tu.

Kwa mnunuzi anayesoma hii leo, fanya mambo manne. Muulize wakala kwa maandishi: nyumba hii ilitangazwa mara ya kwanza lini, na kwa bei gani? Ichukue picha ya tangazo uitafute kwa picha kwenye Google uone imepita wapi. Nenda ukaongee na mlinzi na jirani. Na usitume hata shilingi kabla wakili wako hajaitafuta hati, hata uambiwe watu kumi wanakuja kesho.

Kwa mwandishi mwenzangu wa programu: fungua msimbo wako utafute mahali unapoamua kipi ni kipya. Uangalie unasoma tarehe ya nani. Mimi niliiangalia baada ya mjomba wangu kulipa.